Kila breki ni kijiko cha petroli

Kwenye droo ya gari langu kuna daftari la shule, lile la jalada jepesi lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ukurasa wa kwanza una tarehe ya Septemba 2023, mwezi ambao bei kikomo ya petroli hapa Dar es Salaam ilipita shilingi 3,200 kwa lita. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta nchini, hutangaza bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Jumatano ile nilikaa kwenye kochi na simu mkononi nikajumlisha kila nilichowalipa watu wa sheli tangu mwezi uliotangulia. Nilikuwa na Toyota Aqua ya 2013, gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, kwa zaidi ya mwaka mzima. Nililinunua kwa sababu moja tu: kila niliyemuuliza aliniambia halili mafuta. Hesabu ikaja kilomita 17.4 kwa lita moja.

Kwa gari la kawaida la mjini hiyo ingekuwa namba ya kujivunia. Lakini nilikuwa nimeongeza pesa ili nipate haibridi, na karatasi za Japani zilisema 35.4. Nusu yangu ilikuwa imekwenda wapi?

Nianze na hiyo 35.4, maana imewaumiza wengi roho bure. Ni namba ya kipimo cha Wajapani kiitwacho JC08, kilichokuwa kikitumika Aqua ilipoingia sokoni Desemba 2011. Gari huwekwa juu ya magurudumu ya maabara na kuendeshwa kama kilomita 8 kwa ratiba maalumu, wastani wa kasi ukiwa kilomita 24 kwa saa na kasi ya juu kabisa ikifika kama 82 kwa muda mfupi tu. Kiyoyozi kimezimwa. Hakuna mchanga, hakuna tuta, hakuna bodaboda anayekuchomekea mbele. Kipimo hicho kiliwekwa ili magari yalinganishwe yenyewe kwa yenyewe, na kwa kazi hiyo kinafaa. Ukikitumia kujipangia bajeti ya barabara ya Morogoro utalia. Mimi nilikiweka pembeni siku hiyohiyo nikaamua nitashindana na daftari langu mwenyewe.

Kupima nako kuna namna yake. Skrini ya Aqua inakuonyesha wastani wa ulaji mafuta, yangu bado ina maandishi ya Kijapani, lakini inapendelea. Kwenye daftari langu imekuwa ikinizidishia kilomita moja na zaidi kwa kila lita. Kwa hiyo najaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe, naandika namba ya kilomita, naendesha mpaka tanki lipungue vya kutosha, narudi sheli ileile na pampu ileile, najaza tena mpaka ikate. Lita zilizoingia ndizo zilizoliwa. Tatizo lilikuwa wahudumu, kwa sababu ya ukarimu wao. Pampu ikikata wao huendelea kubonyeza kidogokidogo ili shilingi zifike namba nzima. "Dada, naizungusha ifike elfu sitini?" Hapana mdogo wangu, ikikata acha. Ilichukua miezi miwili wakanizoea. Tanki la Aqua ni lita 36 tu, kwa hiyo lita moja ya kuzungusha inaharibu hesabu yote.

Sasa niseme nilichokuwa nakosea.

Kila siku ya kazi natoka Mbezi Mwisho kwenda Posta, kama kilomita 24, na jioni narudi. Niliponunua gari nilipenda sana ule ukimya wake. Linatoka getini bila sauti, taa ndogo ya EV, ya kuonyesha linakwenda kwa umeme tu, inawaka kwenye dashibodi, na mimi nahisi natembea bure. Nikajifundisha kuirefusha hiyo taa. Nilikuwa nakanyaga mafuta kwa ncha ya kidole, nikinyata kwa kilomita 25 kwa saa huku daladala nyuma yangu zikipiga honi, ili mradi injini isiwake. Betri ikishuka mpaka vipande viwili kwenye skrini, injini inawaka, inanguruma pale foleni ilipo, inachaji, inazima. Naanza tena kunyata. Niliamini kwamba kila mita niliyokwenda injini ikiwa imezima ni mita ya zawadi.

Si zawadi. Aqua haina waya wa kuchomeka ukutani. Umeme wote ulio kwenye ile betri umetoka kwenye petroli niliyonunua, ama injini ilizungusha jenereta, ama gari lililosukumwa na petroli likapunguza mwendo na mota ikageuza mwendo huo kuwa umeme. Na kila mabadilishano yana makato. Anayetumia pesa kwa simu ataelewa haraka: ukituma unakatwa, ukitoa unakatwa. Elfu kumi ikizunguka mara nne kati ya simu yako na ya wakala hairudi ikiwa elfu kumi. Petroli inageuzwa mzunguko wa injini, mzunguko unageuzwa umeme, umeme unaingia betrini kwa joto fulani kupotea, unatoka kwa joto jingine kupotea, unaingia mota, ndipo unafika kwenye tairi. Mimi nilikuwa nafanya miamala hiyo siku nzima kwa hiari yangu.

Betri yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ni ya nikeli, volti 144 na ampea saa 6.5, yaani kwa jumla haifiki uniti moja ya umeme, uniti hizihizi tunazonunua za LUKU. Tena kompyuta ya gari haikubali ijae kabisa wala iishe kabisa, ili idumu. Kinachobaki cha kutumia ni kama sehemu nne za kumi za uniti. Hicho ni kibubu cha kuhifadhia chenji za njiani. Akiba ya kuendea safari haipo humo.

Kwa hiyo faida ya haibridi iko wapi? Iko sehemu mbili. Ya kwanza ni injini. Ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye Aqua imetengenezwa kwa mzunguko wa Atkinson: vali ya kuingiza hewa inachelewa kufunga, injini inakosa nguvu kidogo lakini inakamua zaidi kutoka kwenye kila tone. Injini ya namna hii inapenda mzigo wa wastani. Ukiipa mzigo kiduchu inapoteza, ukiikanyaga mpaka chini inapoteza. Kazi ya mota na betri ni kuisaidia ifanye kazi pale inapofaa na ilale pale isipofaa. Ya pili ni breki. Gari la kawaida likifunga breki, mwendo wote unaishia kuwa joto kwenye diski. Haibridi inarudisha sehemu yake.

Sehemu yake tu. Hapa ndipo nilipopiga hesabu iliyonibadilisha uendeshaji. Aqua yenye dereva na mizigo midogo ina kama kilo 1,200. Kuifikisha kilomita 60 kwa saa kutoka kusimama kunahitaji nishati ambayo, kwa injini inayotumia vizuri theluthi moja ya petroli yake, ni kama mililita 15 za petroli. Mililita 15 ni kijiko kimoja kikubwa cha chakula. Nilikwenda jikoni nikakichukua kijiko, nikakijaza maji, nikakitazama. Kila ninapofika 60 halafu nikafunga breki mpaka nisimame, hicho ndicho ninachomwaga. Mfumo wa haibridi ukifanya kazi yake vizuri, na mguu wangu ukiwa mpole, kijiko kinarudi nusu au zaidi ya nusu. Nikifunga breki kwa kushtuka, mota haiwahi kupokea yote, diski zinachukua, na kijiko kinakwenda na upepo. Na gari likishuka chini ya kasi ya mtu anayekimbia, breki za kawaida ndizo zinazomalizia kazi hata ukiwa mpole vipi.

Tangu siku hiyo niliacha kuitazama taa ya EV, nikaanza kutazama mbele, magari matano au sita mbele yangu.

Chukua kipande cha Kimara kwenda Ubungo asubuhi. Zamani nilikuwa naifuata bampa ya aliye mbele: akiondoka naondoka, akisimama nasimama. Sasa naacha nafasi. Nikiona taa nyekundu za breki zikiwaka kule mbele karibu na daraja la Kijazi, naondoa mguu kwenye mafuta hapohapo, nikiwa bado mbali, gari linaserereka lenyewe huku kipimo cha dashibodi kikiingia taratibu eneo la CHG, la kuchaji betri. Mara nyingi nafika pale walipokuwa wamesimama wakati wao ndio wanaanza kuondoka, nami sijasimama kabisa. Watu watachomeka kwenye hiyo nafasi, ndiyo. Wacha wachomeke. Nimehesabu wiki nzima, waliochomeka hawajawahi kunichelewesha zaidi ya dakika tatu kwa safari.

Na wakati wa kuondoka nimefanya kinyume cha nilivyokuwa nikifanya. Sinyati tena. Naondoka kwa uhakika, kipimo kikiwa juu ya ECO, eneo la kubana mafuta, lakini bila kugusa PWR, eneo la nguvu nyingi, injini iwake ifanye kazi yake kwa mzigo inaoupenda, nifike mwendo wa barabara. Kisha naachia mguu, injini inazima, narudisha mguu kidogo sana kushikilia mwendo. Hapo ndipo umeme unapostahili kutumika: kulishikilia gari ambalo tayari linakwenda. Mafundi na madereva wa teksi waliozoea Prius wanaijua vizuri namna hii, ingawa kila mmoja ana jina lake. Mwezi wa pili wa kupima, daftari liliandika 19.8, gari lilelile, barabara ileile, mafuta yaleyale. Mguu tu.

Kuna tabia mbili za madereva wetu ambazo kwenye haibridi ni hasara tupu, na naona nizisemee kwa nguvu maana hata wanaouza magari hawawaambii wateja. Moja ni kuweka gia ya N kwenye foleni, au kuteremka mlima kwa frii. Kwenye magari ya zamani watu walifanya hivyo wakiamini wanaokoa mafuta. Kwenye Aqua na Prius, gia ikiwa N mfumo hauchaji betri hata kidogo. Unateremka, mwendo wote wa mteremko unapita bila kurudisha chochote. Umesimama na N foleni ya nusu saa, kiyoyozi kinanyonya betri, na injini hata ikiwaka haiwezi kuichaji. Iache gia kwenye D, kanyaga breki. Gari limesimama, injini imezima, hakuna kinachoungua.

Ya pili ni gia ya B. Jirani yangu mmoja aliendesha miezi mitatu akiwa B kwa sababu aliambiwa B ni betri, kwamba inachaji zaidi. B ni ya breki ya injini. Gari linaizungusha injini kwa makusudi ili izuie mwendo kwenye mteremko mrefu, na mwendo unaotumika kuizungusha injini ni mwendo ambao haukuingia betrini. Mjini B haina kazi.

Matairi niyapitie haraka, ingawa yalinipa faida kubwa kuliko nilivyotegemea. Kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kimeandikwa kwa kilopaskali. Mia moja ni kama PSI 14.5, kwa hiyo 230 ni kama 33. Kijana wa pancha alikuwa ananijazia kwa kupiga tairi teke na kusikiliza. Nilinunua geji yangu, nikakuta mbele 24, nyuma 26. Nilipojaza sawasawa usukani wenyewe ulikuwa mwepesi. Sasa napima kila Jumapili asubuhi kabla jua halijapasha matairi. Oili nayo: mwongozo unataka 0W-20, nyepesi kama maji, na kuna fundi aliyeniwekea 20W-50 akisema nchi yetu ni ya joto. Daftari lilishuka karibu kilomita moja kwa lita mwezi ule, na likapanda niliporudisha nyepesi. Injini inayozimwa na kuwashwa mara mia kwa safari moja inahitaji oili inayofika kila mahali upesi.

Lakini kilichonifundisha zaidi kuhusu gari hili ni joto.

Ilikuwa Januari. Saa tisa alasiri, nimetoka Posta mapema, gari limekaa juani tangu asubuhi. Nilipofika Magomeni nikasikia nyuma yangu mlio kama wa mashine ya kukaushia nywele. Haukuacha. Injini nayo ikawa haizimi foleni, vipande vya betri vinashuka haraka na kupanda haraka, mara viwili, mara saba, kama mtu anayehema. Wiki ile hesabu ikaanguka mpaka 16.9. Fundi wa kwanza alinisikiliza dakika mbili tu akasema betri kubwa, ile ya haibridi, imekwisha, nitafute nyingine. Sikulala vizuri usiku huo, nikijua bei yake.

Fundi wa pili, kijana mwenye gereji ndogo Sinza, aliuliza swali moja. "Dada, una watoto?" Nikasema ninao wawili. Akafungua mlango wa nyuma, akapiga goti, akamulika tochi ya simu kwenye kitundu cha plastiki kilicho kando ya kiti, chini, mahali ambapo nilikuwa naona kila siku nikidhani ni pambo. "Tazama hapa." Betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, na inapoozwa na hewa ya ndani ya gari, ile uliyoipoza wewe kwa kiyoyozi. Feni inaivuta kupitia kile kitundu. Kitundu changu kilikuwa kimezibwa na mfuko wa shule tangu lini sijui.

Alizima gari, akachomoa waya hasi wa betri ndogo, ile ya kawaida ya kila gari, akavaa glovu nene, akatoa plagi ya usalama ya betri kubwa, halafu akakaa kwenye ndoo na kusubiri dakika kumi kabla ya kugusa kingine. Nilimheshimu kwa zile dakika kumi kuliko kwa kitu chochote. Nyaya za rangi ya chungwa kwenye gari hili zinabeba volti 144, na mfumo unaweza kuzipandisha mpaka 520 kabla ya kuipa mota. Umeme hubaki kwenye vihifadhi hata baada ya kuzima. Fundi asiyesubiri usimpe haibridi yako, na wewe mwenyewe nyumbani usijaribu.

Feni ilipotoka haikuonekana kama feni. Mapanga yake yalijazwa vumbi la Mbezi lililogandamana kama sufi ya godoro. Lilikuwa limeshikana na nyuzi za kanga, chengachenga za biskuti, na kuzunguka mhimili wote kulikuwa na nywele za rasta za binti yangu, nyeusi na zambarau, zimejikunja kama uzi kwenye kibiringo. Alizikata kwa wembe, akasafisha mapanga kwa brashi ya rangi, akapuliza kwa upepo wa kompresa, akairudisha. Alichoniomba hakikufika bei ya kujaza tanki.

Betri ya nikeli ikipata moto haipokei chaji vizuri, na kompyuta ikiona hivyo inaibania: inapunguza inachopokea wakati wa breki na inachotoa wakati wa kuondoka. Injini inabeba mzigo wote. Yaani nilikuwa naendesha gari la petroli lenye betri ya mzigo. Tanki lililofuata lilitoa 21.9. Lililofuata tena, 22.6.

Kiyoyozi kwenye gari hili kinazungushwa na umeme, hakina mkanda wa injini, na ndiyo maana kinaendelea kupoza foleni injini ikiwa imezima. Lakini kinakula. Kikivuta kama kilowati moja, kile kibubu chetu kinakwisha kwa chini ya nusu saa, na injini inawaka kwa ajili yake tu. Siwashauri watu wazime. Dar kwa Februari ukizima unamtesa abiria na unaitesa betri, kwa sababu hewa inayoipoza ndiyo hiyohiyo. Ninachofanya ni kufungua vioo vyote dakika mbili za mwanzo joto la juani litoke, kisha nafunga, naweka 26 badala ya 20, na kioo cha mbele nakiwekea pazia la karatasi ya fedha kila ninapoegesha. Binti yangu ndiye msimamizi wa kitundu. Hakuna begi linalokaa pale.

Desemba iliyofuata tulikwenda Iringa kwa wakwe, watu wanne na mizigo. Nilitaka kujua barabara kuu itasema nini, maana kila mtu hukwambia haibridi ni ya mjini tu. Kuna ukweli ndani yake. Ukikimbia 110, kani ya upepo ni karibu mara mbili ya ile ya 80, na hakuna betri itakayokusaidia na upepo. Injini haizimi, breki hazitumiki, kibubu kinakaa bure. Mabasi yalitupita Chalinze kama tumeegesha. Mimi nilishikilia 80.

Halafu kuna vibao vya 50. Kila kijiji kina kibao, na baada ya kibao kuna trafiki na tochi yake chini ya mwembe. Madereva wengi hukimbia mpaka kwenye kibao, wanafunga breki, wanatambaa, wanakanyaga tena. Kulishusha gari lililojaa watu kutoka 80 hadi 50 ni kijiko na zaidi, na vijiji kati ya Dar na Iringa sikuvimaliza kuhesabu. Nilikuwa naachia mguu nikiona paa la kwanza la bati, gari linaserereka, nafika kwenye kibao nikiwa 50 bila kugusa breki. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako barabara inapita kama kilomita 50 na mwendo umewekewa kikomo kwa ajili ya wanyama, tulikwenda polepole, watoto wakihesabu twiga, na skrini ikaonyesha namba nzuri kuliko zote za safari.

Kisha Ruaha Mbuyuni, vitunguu kando ya barabara, mibuyu, na baada yake mlima Kitonga. Tulipanda nyuma ya malori ya Zambia yaliyokuwa yakikokota kwa mwendo wa baiskeli. Betri ilishuka mpaka vipande viwili, injini ikanguruma kwa sauti ambayo mjini haijawahi kuitoa, na mume wangu akaniuliza kama kuna tatizo. Halikuwepo. Mlima haudanganyiki. Kulinyanyua gari la kilo 1,400 kutoka usawa wa bahari mpaka Iringa, mita kama 1,600, ni karibu lita mbili za petroli hata ungeendesha kwa ufundi gani. Nilikuwa nimeshaziandika kwenye daftari kabla hatujaondoka nyumbani. Tulifika jioni, baba mkwe akatupokea kwa "kamwene," na kabla sijashusha mizigo nilikwenda kujaza: kilomita 495, lita 24.6. Ni 20.1 kwa lita.

Kurudi niliingoja Kitonga kwa hamu, nikidhani nitashuka na kuchaji mpaka chini. Kwenye kona za mwanzo tu vipande vilikuwa vimejaa. Piga hesabu uone: ile akiba ndogo ya betri ni sawa na kulishusha gari hilo kama mita mia moja tu, na Kitonga ni mamia ya mita. Betri ikijaa hakuna pa kuweka. Hapo ndipo B inapopata kazi yake halali. Niliisogeza gia, injini ikaanza kuzunguka kwa nguvu ya mteremko bila kuunguza tone, ikilizuia gari, na breki zangu zikabaki baridi wakati malori mbele yetu yakinuka lami na breki zilizoungua. Petroli iliyookolewa kwenye Kitonga haikutoka betrini. Ilitokana na kuteremka injini ikiwa hainywi kitu.

Dar tulijaza lita 21.0. Ni 23.6 kwa lita, na tofauti ya lita 3.6 kati ya kwenda na kurudi ni ule mlima, karibu wote.

Wiki iliyopita daftari limefika ukurasa wa mwisho. Wastani wa miezi sita, mjini na safari, ni 22.8. Nimenunua jingine, na ukurasa wa kwanza nimeuachia jirani yangu yule wa gia ya B. Jumamosi anakuja tufungue kitundu cha gari lake. Ana watoto watatu.